Juu Moto, Chini Baridi

Mpaka leo nikipita mahali fundi ameinamia injini, siangalii injini, naangalia mikono yake. Wajukuu wananicheka, wanasema bibi anataka kusomea ufundi uzeeni. Waache wacheke. Meno yao bado hayajakutana na mfupa.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la kijiji, upande wa Murusagamba, miaka ya ujamaa. Nikisema dereva msidhani ni kushika usukani na kuvaa kofia. Dereva wa wakati ule alikuwa fundi, alikuwa mpakiaji, na mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa, yeye ndiye aliyeitwa hata kabla ya mkunga. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye migomba ya wazee wetu na kupangwa kando ya barabara, nyumba moja baada ya nyingine kama watoto wa shule mstarini. Nilinung'unika kuliko wanawake wote. Mdomo wangu haujawahi kulala njaa. Ila siku lori lilipoletwa nilinyamaza, tena kabisa, maana lilibeba kahawa na maharage yetu mpaka Ngara mjini likarudi na chumvi na mabati ya shule, na aliyekaa mbele akiliendesha alikuwa wangu.

Akiwa anarudi safari, akifika kwenye kona ya juu, pale mlima unapoishia na kijiji kinapoonekana, alipiga honi moja ndefu. Hiyo ilikuwa yangu. Maana yake: weka maji ya chai motoni. Mpaka ashuke, aegeshe, asalimiane na kila mtu, maji yameshachemka. Wenzangu walinitania, "Honi yako hiyo, kimbia!" Nami nilikimbia huku nikijifanya nimekasirika.

Alikuwa pia na jambo lake la matambara, na hili lazima nilieleze vizuri. Injini ikifunguliwa ina matundu, ya maji na ya oili, na nati ikidumbukia humo utalia. Kwa hiyo mafundi huyaziba matundu kwa matambara wakati wanafanya kazi. Ubaya ni kusahau. Tambara likibaki ndani, maji hayapiti, na injini inaungua. Mume wangu aliwahi kuona gari la watu likifa hivyo, akajitungia dawa yake. Kila tambara aliloingiza ndani ya injini, alichana kwanza ukanda mwembamba kutoka kwenye kitambaa hicho hicho na kujifunga mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiganja, kwa fundo la kufungia mbuzi. Akilitoa tambara, ndipo anafungua ukanda. Kabla ya hapo, ng'o! Alikula nao, alilala nao, na Jumapili moja alikwenda nao kanisani kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha. Nilimwambia, "Unafanana na mbuzi aliyekwisha kununuliwa anasubiri mwenyewe aje amchukue." Akanijibu, "Na mwenyewe si ni wewe?" Basi nikakosa la kusema, na mimi kukosa la kusema ni habari ya kutangaza redioni.

Matambara nilimpa mimi, kutoka kwenye nguo zangu zilizochakaa.

Vita vilipoanza huko kaskazini ya Kagera, mwenyekiti wa kijiji alikuja asubuhi na neno moja: malori yote yanatakiwa, na madereva wake. Hakuna aliyebisha. Adui alikuwa ameingia nchini, watu walikuwa wanakimbia na watoto mgongoni, ungebisha nini? Nilimfungia mume wangu maharage ya kuchemsha, na mfuko wa matambara. Nilikuwa na khanga yangu ya arusi, nyeupe yenye pindo jekundu, imetoboka katikati. Niliichana vipande mbele yake. Alisema, "Hiyo si ya kuchana." Nikamwambia, "Rudi uninunulie nyingine." Alipofika kwenye kona ya juu akipanda kuondoka alipiga honi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa anakwenda. Mama mkwe wangu alisema ni vibaya. Nilimwambia aache uchuro.

Vita viliisha. Redio ya kijiji ilisema, tukacheza ngoma, tukapika pombe ya ndizi. Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, mgambo wetu na waliokwenda kubeba mizigo. Halafu mchana mmoja, nikiwa napalilia, watoto wakapiga kelele kwamba lori limerudi. Nilitupa jembe. Nilikimbia na matope miguuni mpaka ofisi ya kijiji.

Aliyeshuka hakuwa yeye. Alikuwa mtu mzima wa Biharamulo, mwenye kitambi kidogo na uoga mkubwa, ametumwa kulirudisha lori na kubaki nalo kama dereva wetu. Alisema alikabidhiwa huko Bukoba, likiwa limetoka matengenezo, injini imefunguliwa na kufungwa upya. Limekuja tupu, limekuja salama. Nikamuuliza, "Na dereva wake?" Akatazama viatu. Alisema aliuliza, mmoja akamwambia amehamishiwa kikosi kingine, mwingine akamwambia madereva wengine bado wako ng'ambo, watarudi. Hakuna aliyemwambia amekufa, na hakuna aliyemwambia yu hai.

Ninyi hamjui jambo hilo linavyokula mtu. Maiti ukiiona unalia, unachoka, unalala. Mimi sikupewa cha kulilia. Mama mkwe, ambaye tuliishi naye nyumba moja, alikataa kabisa kusikia neno kifo. Kila jioni alipakua chakula cha mwanawe, akakifunika kwa jani la mgomba, akakiweka karibu na mafiga kisipoe. Asubuhi watoto wangu walikila. Mimi nilinyamaza, kwa sababu na mimi nilikuwa nasikiliza mlango.

Lori likaanza kazi, na kwenye safari yake ya kwanza likiwa na mzigo ndipo mambo yalipoanza. Lilikuwa linarudi na mifuko ya saruji. Mimi na mama mkwe tulikuwa tunapepeta maharage uani. Mara kutoka kwenye kona ya juu tukasikia mlio mrefu, mwembamba, usiokatika. Mama mkwe akaacha ungo. "Amepiga honi," alisema.

Haki ya Mungu, niliinuka na kuweka maji motoni. Mikono ilifanya kabla ya kichwa kuniambia ni ujinga. Nilisimama mbele ya sufuria mpaka watoto walipokuja kusema kwamba lori limechemsha pale konani, mvuke unatoka kwenye mfuniko wa rejeta ukipiga mluzi, na dereva amekaa mbali akishika kichwa. Maji yale ya chai hatukuyanywa. Niliyamwaga nyuma ya nyumba.

Tangu siku hiyo likawa hivyo hivyo. Likiwa tupu, kwenye tambarare, linakwenda. Likipakiwa na kupandishwa mlima, linachemsha, na kwa kuwa mlima wetu unaishia kwenye kona ile, lilichemsha pale pale alipokuwa akipiga honi. Mluzi uleule, saa yoyote linaporudi. Mama mkwe kila mara aliinua kichwa. Mimi nilianza kuuogopa mchana wenyewe.

Dereva hakukaa bure, nisimsingizie. Alijaza maji, likachemsha. Alibadilisha mfuniko wa rejeta, likachemsha. Alikaza mkanda wa feni. Alishusha rejeta yenyewe, akaipindua, akaisukutua kwa maji ya mtoni mpaka yakatoka meupe. Alitoa themostati, kile kidude kinachofungulia maji injini ikipata moto, akasema twende bila hiyo. Alitazama oili kama imechanganyika na maji, ikawa safi. Kila alipomaliza alisema, "Sasa lejeta iko sawa." Sisi kwetu tulisema rori, yeye rejeta aliiita lejeta. Herufi hazikupotea kati yetu, zilihama tu. Na kila aliposema sasa iko sawa, mlima ulimuumbua.

Kilichowatisha watu si kuchemsha. Magari yanachemsha. Kilichowatisha ni kwamba injini ikiwa inaungua, huwezi hata kuweka kidole, ukishika bomba la chini la rejeta unakuta ni baridi. Baridi kabisa, kama mkono wa mtu aliyelala chumba cha maiti. Mzee mmoja alilishika akarudi nyuma akajipangusa kwenye koti. Maneno yakaenea: lori lilibeba maiti huko vitani, mbao za bodi zimebadilika rangi, lina watu ndani, juu linaungua na chini limekufa. Wanawake wakaacha kulipanda. Mganga mmoja akajitolea kulifukiza. Dereva akakubali! Likafukizwa, likanuka majani wiki nzima, likachemsha.

Mimi nilimuuliza dereva, "Pampu ya maji je? Hujaifungua pampu." Nilikuwa nimeshika taa mara nyingi mume wangu akifanya kazi, sikuwa mgeni wa maneno hayo. Akanijibu kwamba pampu ni mpya, imefungwa juzi na mafundi wa Bukoba, na gari lililotoka matengenezo halifunguliwi lilipofungwa. Tena gasketi ya kurudishia ataitoa wapi, nchi nzima haina hata sabuni? Nilimwambia aliyefunga ndiye wa kushukiwa kwanza. Akasema, "Mama, wewe kaa na uchungu wako." Ebo! Nilitamani kumpiga na spana yake.

Wakati huo wazee wa ukoo wa mume wangu walikuwa wamekwisha kukaa kikao. Kwao, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavikwa sanda, ukazikwa, naye akapumzika. Waliamua maharage yakishavunwa wauzike. Mama mkwe aliwaambia, "Atakayemzikia mwanangu mgomba akiwa hai, mikono yake na ikauke." Wakanigeukia mimi, mke, niseme neno. Nami sikuwa nalo. Kumlilia aliye hai ni kumchimbia kaburi. Kumwacha aliyekufa bila kumlilia ni kumwacha atangetange barabarani, na mimi kila wiki nilikuwa nausikia mluzi pale konani. Niliogopa huku, niliogopa kule. Nilimwomba Mungu anionyeshe kimoja tu, kiwe kizuri kiwe kibaya.

Kijiji kikataka mbegu za muhogo, ile mihogo isiyougua, na zilikuwa zinapatikana Nyantakara, huko Biharamulo. Wanawake walinichagua nikachague vipande, maana wanaume hupakia hata vilivyokauka. Ni mwendo wa siku nzima. Tulikwenda tupu, lakini karibu na Nyantakara kuna mpando wa mchanga, na jua lilikuwa kali, likachemsha. Tukakaa chini ya kivuli chake kungoja lipoe.

Alitokea mzee mmoja Msukuma akichunga ng'ombe, mmoja wa wale waliohamia huko na mifugo yao kutoka Shinyanga. Alitusalimia, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akawaswaga ng'ombe wake mpaka kisimani, akaturudia na maji kwenye madumu yetu. Tukimwagia rejeta taratibu, alisema amelizoea hilo, kwenye vita alikuwa mgambo na alisukuma malori mpaka mabega yakachubuka. Nikamwambia mume wangu naye alikuwa dereva huko. Akasema madereva aliwaonea huruma kuliko wote, kwa sababu askari anaweza kulala chini lakini dereva na lori lake wanaonekana toka mbali. Akasimulia juu ya mmoja. Malori yalisimama chini ya miti, dereva ameinama ndani ya injini anatengeneza, bomu likaanguka upande wa pili. Walimzika palepale kando ya barabara. Alikuwa wa msafara mwingine, jina lake hawakulijua.

Nilimuuliza alikuwa mtu wa namna gani. Akasema si mrefu, si mfupi, uso haukutazamika. Nikauliza alikuwa na nini.

"Alikuwa na hilizi," akasema. "Hapa mkononi. Vijana walitaka kuikata, kamanda akakataa. Akasema mwacheni mtu azikwe na imani yake. Haikumsaidia lakini, masikini."

Hirizi! Nilipumua mpaka nikacheka. Mume wangu mimi alikuwa Mkatoliki wa babu na babu, aliyebatizwa akiwa mtoto mchanga, mtu ambaye hata mti wa kuzuia mvua aliucheka. Hirizi angeitoa wapi? Si yeye. Nikamwambia mzee yule, "Pole yake mkewe, popote alipo. Labda mpaka sasa anamngoja." Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Niliporudi nyumbani nilimsimulia mama mkwe kwa furaha, kwamba nimesikia habari za dereva aliyekufa na hirizi mkononi, na si wetu, na jioni hiyo alimpakulia mwanawe kipande kikubwa zaidi.

Safari ya kurudi na mzigo wa mihogo ilituchosha. Lilichemsha kila mlima. Dereva alikuwa amelegea, akasema atalirudisha Bukoba na kuomba kazi ya kuchunga mbuzi. Kesho yake asubuhi nilimkuta ameliwasha, amelitazama tu. Nikalishika bomba la chini mwenyewe, injini ikiwa bado inanguruma na mvuke unaanza. Baridi. Nikamwambia, "Hayo maji ya chini hayaendi popote, dereva. Yamekaa. Sasa pampu ndiyo inayoyavuta, au mimi ndiyo sijui kitu?"

Akazima injini. "Gasketi," akasema.

Nilikwenda duka la kijiji nikachukua boksi gumu lililokuwa la vibiriti. Mume wangu alikuwa akikata gasketi za boksi na kuzipaka grisi, nikamwonyesha dereva namna. Dereva akaanza kulegeza. Watu wakakusanyika, maana kijijini kufunguliwa kwa injini ni senema. Mama mkwe alikuja akakaa juu ya gogo. Maji yakamwagika, nati zikatoka, pampu ikagoma, akaigonga kwa kipande cha mti ikatoka. Alichungulia tundu lililo nyuma yake, lile linaloingiza maji ndani ya injini. Akaingiza vidole viwili. Akavuta.

Kilitoka kitu cheusi chenye utelezi, kirefu, kikivuja maji. Watu walirudi nyuma, mtu akapiga ishara ya msalaba. Dereva alikitupa chini kama amekamata nyoka, halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyepona. "Tambala!" alisema. "Jamani, ni tambala! Wameziba tundu, wakasahau, wakafunga! Mizimu gani, ni uzembe wa watu!" Wote wakacheka. Walimcheka mganga, wakamcheka mzee wa koti.

Mimi niliinama nikaliokota. Nililiosha kwenye yale maji ya rejeta yaliyokuwa yametuama. Likatoka kutu, likatoka grisi, likawa jeupe lenye madoa, na pembeni likawa na pindo jekundu. Pindo halikuwa zima. Upande mmoja lilikuwa limechanwa ukanda mwembamba, toka mwanzo mpaka mwisho.

Yeye hakusahau. Watu wengine wote duniani wangesahau, yeye hapana. Tambara likiwa ndani, ukanda uko mkononi, na ukanda ukiwa mkononi mkono unarudi. Kama mkono haukurudi ni kwa sababu haukuweza. Mwingine ndiye aliyekuja, akakuta injini wazi, akafunga pampu juu ya tambara langu bila kutazama. Nilikuwa nafikiri hayo polepole, moja baada ya jingine, na nilipofika kwenye ukanda nilisikia sauti ya yule mzee wa ng'ombe: hapa mkononi.

Sikulia. Nilimtazama mama mkwe juu ya gogo lake. Alikuwa anatazama pindo. Khanga ile aliijua, alikuwepo siku nilipofungwa nayo kichwani kuletwa kwake.

Alisema, "Kamuulize vizuri."

Dereva alirudisha pampu na gasketi ya boksi, akajaza maji, akaliwasha. Tulikwenda tena Nyantakara, kijiji kikisema ni kufuata mihogo iliyobaki. Safari hii lilipakiwa mahindi ya kupeleka Biharamulo, mzigo kamili. Lilipanda mlima wetu, likapita kona ya juu kimya. Hakuna mluzi. Likapanda mlima wa pili na wa tatu. Dereva alikuwa anaimba, anapiga usukani, "Mama, umeona? Umeona?" Nilikuwa naona. Nilikuwa nimeshika bomba akilini mwangu, juu vuguvugu na chini vuguvugu, na nilikuwa naomba kwa roho yangu yote lichemke. Lichemke kwenye mlima wowote, tukwame, tulale porini, tusifike. Lori ambalo lilikuwa limetutesa miezi yote hiyo, siku niliyolihitaji linitese, lilikwenda kama maji.

Tulimkuta mzee nyumbani kwake. Nilimpa shikamoo. Sikukaa. Nilikuwa nimechana ukanda wa pindo kwenye kipande cha khanga ile kilichobaki nyumbani, nikajifunga mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiganja, kwa fundo lake, fundo la mbuzi. Nilimnyooshea mkono, nikamuuliza hirizi ilikuwa ya rangi gani.

Alitazama mkono. Akavua kofia. Alikuwa mzee sana kwangu, mtu wa kuamkiwa, lakini alipiga goti moja chini.

"Hiyo," alisema. "Nisamehe mama. Mimi nilijua ni hilizi."

Nikamwambia hana kosa. Nikamuuliza kama mahali pale pana kivuli. Akasema pana mti mkubwa, na waliweka mawe. Mkewe alinipa uji, nikaunywa, na machozi yakaja ndani ya kata, hatimaye, mengi mpaka uji ukawa na chumvi.

Nyumbani sikuhitaji kusema. Mama mkwe aliniona nilivyoshuka kwenye lori. Jioni hiyo alipakua, akahesabu watu kwa macho, sahani ya mwanawe akairudisha juu ya kichanja ikiwa kavu. Kisha akaanza kulia, sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na majirani wakaja wakijua.

Maharage yalikuwa hayajavunwa, lakini hatukungoja. Wazee walikata mgomba, wakaupima kwa kimo ninachokijua mimi. Katekista alikuwepo, akisali rozari huku ameupa mgomba mgongo, maana Padre asingependa. Tambara tuliliweka kifuani ndani ya sanda. Shemeji mmoja aliomba ule ukanda wangu, akaufunga kwa fundo lilelile kwenye mgomba, mahali ambapo mkono wa kushoto ungekuwa, akasema azikwe alivyokuwa. Watu wakaitikia, ni sawa, azikwe alivyokuwa.

Nikasema, "Ngojeni."

Wakadhani nimeshindwa, wanawake wakanishika mabega. Nikawaondoa. Nilipiga magoti penye udongo ule, nikalifungua fundo la mbuzi. Lilikuwa limekazwa, vidole vilikataa, nikatumia meno. Nikauvuta ukanda ukatoka.

"Baba watoto," nilimwambia, "tambara limeshatoka. Nimelitoa. Kazi imekwisha, pumzisha mkono."

Ndipo nikawaruhusu wamshushe.